Silanti chini, nta juu

Gari langu ni IST nyeusi. Mwenye gari jeupe anasitirika, sisi wa nyeusi tunaanikwa: vumbi linaonekana, mkwaruzo unaonekana, hata alama ya kitambaa alichofutia kijana wa kuosha magari inaonekana. Naishi Kigamboni. Asubuhi navuka na pantoni na upepo wa chumvi, mchana kutwa gari linashinda juani mjini, na likipata kivuli basi ni cha mti wenye kunguru. Mwaka haukuisha tangu litoke bandarini, boneti ikaanza kupauka.

Jamaa yangu mmoja akaniambia dawa ni nta, na nta hurundikwa: paka mara tano, ling'ae mara tano. Nikaenda Kariakoo, nikarudi na kopo la nta laini. Jumapili nilianza saa mbili asubuhi na kumaliza magharibi, bega halinyanyuki. Jioni ile lilikuwa linameremeta kweli. Jumatatu jua lilipolipiga nikaona michirizi boneti nzima, kama kioo kilichofutwa kwa tambara la jikoni, na vumbi limeganda juu ya ule utelezi. Nta nilikuwa nimeibandika nene, haijakauka, nikabandika nyingine.

Baadaye ndipo nilipoelewa kilichotokea. Nta nzuri ya magari hutengenezwa kwa kanauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi na mitende unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Yenyewe ni ngumu kama kokoto, haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 80 za selsiasi. Ili ipakike kwa sponji, kiwandani huilainisha kwa mafuta na viyeyusho. Sasa ukipaka tabaka la pili, kile kiyeyusho kinalainisha la kwanza, na ukianza kusugua unafuta sehemu ya ulichokipaka jana. Tabaka la pili lina faida moja tu: linaziba pale ulipopitiwa. La tatu ni mazoezi ya mkono.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi. Nilinunua silanti, ile dawa ya maji maji ya kukinga rangi inayotengenezwa kiwandani kwa polima, kemikali za jamii ya plastiki, nikaipaka juu ya nta. Nilidhani kwa kuwa ni kali zaidi, ikae juu kama paa. Mvua mbili tu, matone ya maji yakaacha kusimama kama shanga juu ya bati. Silanti inataka kushikana na klia yenyewe, ile rangi angavu ya juu kabisa aliyoipuliza fundi. Ikikuta nta katikati, inakuwa kama seloteepu uliyoibandika kwenye sufuria ya chapati.

Nikaamua kujaribu kwa macho yangu. Niligawa boneti katikati kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi. Upande wa dereva nikapaka nta peke yake mara tatu. Upande wa abiria silanti mara moja, kesho yake nta mara moja. Kila Jumamosi nilimwaga kikombe cha maji pande zote mbili nikatazama. Wiki ya kwanza hakuna tofauti, shanga za maji kila mahali. Wiki ya tano upande wa dereva maji yalianza kutandaa na kulala kama bapa. Upande wa abiria shanga zilikuwa bado zimesimama, zimevimba kidogo tu chini. Mke wangu alinikuta nimechuchumaa na kikombe, akauliza kama ninaagua.

Tangu hapo utaratibu wangu ni huu. Siku ya silanti naliosha gari kwa sabuni ya kuoshea vyombo, na ni siku hiyo tu, maana ile sabuni inakausha na kung'oa nta ya zamani. Kisha napitisha kiganja nikiwa nimekivika mfuko laini wa nailoni. Ukihisi vijipunje, rangi ina uchafu ulioganda ambao sabuni haiutoi. Hapo natumia udongo maalumu wa kusafishia rangi, pamoja na maji mengi ya sabuni ili usikwaruze. Silanti juu ya vijipunje ni pesa ya bure.

Napaka jioni, bati likiwa baridi. Ukiweka kiganja kwenye boneti na ukakitoa haraka, subiri. Silanti ya kiasi cha harage moja inatosha mlango mzima. Ukiiona nyeupe kwa mbali, umezidisha. Naiacha ikauke, napitisha kidole: kikiacha njia safi isiyo na utando, natoa kwa kitambaa laini kikavu cha maikrofaiba. Halafu, na hapa ndipo wengi tunakosa subira, naliacha gari lilale mpaka kesho bila kuguswa na maji. Soma kopo, kila kampuni ina saa zake, lakini mimi sipungukii usiku mzima. Sina gereji, hivyo naomba nafasi kwenye banda la jirani. Turubai usithubutu, vumbi lililo ndani yake ni msasa.

Jioni ya pili napaka kanauba, nyembamba vilevile. Silanti ina mng'ao mkavu wa kioo; kanauba juu yake inaipa nyeusi kina, gari linaonekana kama limetoka kunyeshewa sasa hivi. Ni hiyo nta ya juu inayoliwa kwanza na jua, kwa hiyo naongeza nta kila baada ya mwezi au wiki sita. Silanti narudia baada ya kama miezi minne.

Ukinunua, angalia kopo kama limeandikwa linasafisha na kung'arisha kwa pamoja. Hilo mara nyingi lina chenga au kiyeyusho kikali, ukilipaka juu ya silanti unaikwangua mwenyewe. Plastiki nyeusi za bampa zizibe kwa tepu, nta ikikauka pale inabaki nyeupe na kutoa ni kazi. Na wakati wa kuosha, beba shampuu yako ya gari. Sabuni ya unga inamaliza nta upesi, na wapo vijana wanaofutia dizeli ili bodi ing'ae; litang'aa mpaka vumbi la kwanza.

Jambo ambalo sikulitarajia ni maji ya kisima. Yetu yana chumvi. Gari lenye nta nzuri maji hayatiririki yote, yanabaki matone, na kila tone likikauka juani linaacha kiduara cheupe. Nta ilivyo bora ndivyo viduara vinavyopangika vizuri! Kwa hiyo sasa nikimaliza kuosha nafuta papo hapo, naanzia paa nashuka, kabla jua halijavuka ukuta wa jirani. Na kwenye buti kuna chupa ya maji na kitambaa kimoja cha kunguru. Kinyesi chao nakiloweka kwanza dakika mbili tatu, kisha nakinyanyua. Sisugui.