Nilichemka kwa milimita moja

Juzi usiku mdogo wangu mmoja wa Arusha kaniandikia: "Kaka, nimepata kesi ndogo ya kompyuta, niweke feni gani ya prosesa, nzuri lakini isiyoumiza mfuko?" Nikacheka peke yangu. Kisha nikanuna, maana swali hilohilo mimi sikumuuliza mtu, nikajifanya najua.

Kwa nini unataka kesi ndogo najua, sote tunaitaka. Mashine ya kuhariri video inayoingia kwenye begi la mgongoni, unaenda nayo harusini, wateja wanakuona mtu wa maana. Mimi nilichukua Fractal Node 202, unene wake milimita 82 tu. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, nikapata Ryzen 5 5600X iliyokwishatumika, bila boksi. Likumbuke hilo boksi.

Dukani nikamwonyesha muuzaji picha ya kesi kwenye simu. Akaitupia jicho: "Hiyo inaingia tu, bosi." Nikatoka na feni ya ID-Cooling IS-55, mabomba matano ya shaba, mapezi yanang'aa, nimeikumbatia kama mtoto. Urefu wake milimita 57. Node 202 inapokea 56.

Milimita moja! Usiku ule nilifunga kila kitu, nikapaka pesti ya kupitisha joto, nikarudisha kifuniko. Upande mmoja kikakaa, upande wa pili kikabaki kimeinuka kidogo, kama mdomo wa mtu anayetaka kusema kitu akajizuia. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikashika bisibisi nikazilazimisha skrubu. Fremu ya feni ikapinda, mapanga yakaanza kukwaruza, krrr, krrr, nami nikajisemea itazoea. Haikuzoea. Katikati ya kurenda, yaani kutoa video ya mwisho ya harusi ya Jumamosi, ikakwama kabisa, joto likagonga nyuzi 95, prosesa ikapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Video niliipeleka siku mbili baadaye. Mama wa bi harusi alilipa bila kuniangalia, na wadogo zake bi harusi wameshaolewa wawili tangu hapo. Sikuitwa.

Sasa lile boksi. Ryzen 5 5600X mpya ya kwenye boksi huja na feni ya AMD ya bure, Wraith Stealth, urefu milimita 54. Ingeingia. Nililipia hela nyingi kitu kisichoingia wakati cha bure kingeingia. Bado linaniuma.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla ya jina la feni nitafutie namba. Mtengenezaji wa kesi huandika urefu wa feni inayoingia, na mtengenezaji wa feni huandika wa kwake. Zisome zote mbili mwenyewe, usisomewe na mwenye duka. Halafu acha nafasi ya hewa, maana feni iliyobanwa kwenye kifuniko inapiga kelele na haivuti kitu. Angalia na RAM zako, vile vijiti vya kumbukumbu, zisiwe ndefu zikagongana na feni pana. Na kama una prosesa ya Intel, matundu ya kufungia feni kwenye soketi (kikalio cha prosesa) ya LGA1700 yameachana milimita 78, yale ya LGA1200 ni 75, kwa hiyo usibebe feni ya zamani ukidhani vishikizo vyake vitakaa.

Mimi niliishia kwa feni ya Thermalright AXP90-X47, milimita 47, zikabaki tisa juu yake. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna aliyeniambia: kwenye kesi nyembamba feni hupenda kuvuta tena hewa ya moto iliyomo ndani. Nikachukua kandambili iliyokatika, nikaikata kwa wembe duara la kuzunguka feni, likaziba pengo hadi kwenye matundu ya kifuniko. Feni sasa inavuta hewa ya nje tu. Kutoka nyuzi 88 nikashuka hadi 80 kwa kazi ileile. Baadaye nikaingia BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine, nikaibana prosesa umeme kutoka wati 76 hadi 61, ikatulia kwenye 73, na kurenda hakukuchelewa kiasi cha kunikera.

Hizo ni nyuzi za chumba cha Mbagala mwezi wa pili, pakiwa nyuzi 33. Feni haipozi chini ya joto la chumba, hata uinunue kwa bei ya pikipiki. Wewe wa Arusha mwezi wa saba unajifunika blanketi, una bahati, lakini usijidanganye kwa hilo, pima.

Tatizo letu ni kupenda kuonekana tunajua. Unasimama kaunta, unaona aibu kutoa rula mbele ya watu, unalipa, kisha unalia nyumbani. Toa rula! Waache wacheke. Mimi siku hizi ninayo kwenye begi.

Ile IS-55 nimeinyoosha fremu, inazunguka vizuri tu. Mwenye kesi inayopokea milimita 60 na kuendelea aje, bei tutaelewana.