Wathamini wanakuja kwenye shamba la mzee, tukatae au tupokee? Jibu refu kidogo, vumilieni

Mkuu mleta uzi, umesema mzee wako ana eka tatu na nyumba, mmeitwa kwenye mkutano wa mtaa mkaambiwa eneo zima linaenda kuwa la viwanda na wathamini, yaani wale wanaokadiria thamani ya mali ili ilipwe fidia, wanakuja mwezi ujao, sasa unauliza mkatae au mpokee. Nimesoma majibu ya wadau na wengi wanakwambia kataeni, ardhi ni yenu. Sisi nyumbani tumepita humo humo, Pwani huko, mradi wenyewe siutaji maana kuna majirani bado wanafuatilia hela zao na sitaki kuwaharibia. Mimi si mwanasheria, naongea kama mtu aliyekaa kwenye yale mabenchi ya ofisi za ardhi.

Hilo la kukataa lisahau, sikukatishi tamaa ila ndivyo ilivyo. Ardhi ya nchi hii yetu ya Tanzania ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, sisi tuna haki ya kuitumia tu, na Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 inamruhusu kutwaa kipande chochote kwa manufaa ya umma. Watu wakisikia manufaa ya umma wanawaza hospitali na barabara, kumbe kifungu cha 4 cha ile sheria kimetaja waziwazi maeneo ya viwanda, kilimo na biashara, halafu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo ikaingiza uwekezaji wenye maslahi kwa taifa. Kwa hiyo ile hoja ya "mbona wanampa mwekezaji, huyo naye ni umma?" inanoga sana kwenye mkutano wa hadhara, watu wanapiga makofi, ila ukienda nayo mbele haikufikishi popote.

Na yule mdau aliyesema kwa wenzetu Marekani hiki kitu hakiwezekani, aisee, akatafute kesi ya Susette Kelo na mji wa New London, jimbo la Connecticut. Mji ulichukua nyumba za watu ili kampuni binafsi ziendeleze eneo, kiwanda cha dawa cha Pfizer kilikuwa jirani hapo, mahakama yao ya juu kabisa mwaka 2005 ikasema sawa, majaji watano kwa wanne. 2009 Pfizer wakatangaza wanaondoka, na pale zilipobomolewa zile nyumba pakabaki majani miaka na miaka. Kwa hiyo hata huko yapo.

Kinachokulinda wewe ni fidia. Ibara ya 24 ya Katiba inasema huwezi kunyang'anywa mali bila fidia inayostahili, na 1994 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Akonaay ilisema hata haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na ibara hiyo. Hii ishike vizuri maana kuna kijana wa ofisini atakuja na tai yake amwambie mzee "ninyi hamna hati, mshukuru mnapewa chochote". Kwetu aliambiwa hivyo babu yangu mdogo ambaye shamba lile kalima tangu kabla ya huyo kijana kuzaliwa, na mzee wa watu akanyamaza akaamini. Hati haipo sawa, lakini majirani wa mipaka wapo, barua ya serikali ya mtaa ipo, risiti ya kununulia kama alinunua, makaburi ya familia yapo. Vyote hivyo ni ushahidi, vikusanyeni sasa hivi kabla hamjaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe nani asaini. Maana mtagombana, hilo nakuhakikishia. Fidia ikitajwa tu kuna shangazi aliyeolewa mbali na hajakanyaga shamba miaka mingi atafika asubuhi na mapema.

Sasa siku ya uthamini, hapa ndipo hela yenu inapozaliwa au kufa. Wanakuja timu, mthamini, mpima, mtu wa mtaa, kuna mwenye kamera. Mnapewa kibao chenye namba mnakishika kifuani mbele ya nyumba mnapigwa picha kama mahabusu, mama yangu alikataa kwanza mpaka abadilishe kanga. Halafu wanaanza kuhesabu. Wanapita nyumba wanapima kuta, bati, sakafu, choo, kisima, banda la kuku, uzio, kila kitu kina mstari wake kwenye fomu. Miti nayo inahesabiwa mmoja mmoja na haina bei sawa, mnazi unaozaa na mche wa juzi ni vitu viwili tofauti, na huyu kijana anayehesabu jua limemchoma tangu saa tatu, amechoka, anataka kumaliza mtaa wote leo. Kwetu alisimama barazani akatupia jicho akaandika minazi yote michanga. Bi mkubwa akamshika mkono, kweli kabisa alimshika mkono, akampeleka mti kwa mti anamwonyesha madafu juu na makuti ya zamani chini, yule kijana anafuta anaandika upya huku anacheka. Jirani yetu alikuwa kazini Dar siku hiyo, akamwachia mpangaji ndiyo asimamie, kisima kiliachwa na choo cha nje kiliachwa, kuja kukirudisha kile kisima kwenye fomu imekuwa safari ya ofisi hadi ofisi.

Mzee awepo mwenyewe, na mtu mmoja anayejua kusoma fomu awe pembeni yake. Msisaini fomu yenye nafasi tupu. Ukimaliza piga picha kila ukurasa kwa simu, wakikwambia haruhusiwi mtu kupiga, mwombe mwenyekiti wa mtaa aandike kwenye daftari lake vilivyohesabiwa. Na msihame kabla. Nasema tena, msihame kabla, maana posho kadhaa hazilipwi kwa eneo ambalo halikaliwi na mtu, wapo waliotishika wakaondoka mapema wakajikuta wanalipwa miti na kuta tu.

Hizo posho ndizo watu wengi hawazijui. Kanuni za fidia za 2001 zinasema ukiacha thamani ya ardhi yenyewe na maendelezo, yaani nyumba, miti na vingine mlivyoweka juu yake, kuna posho ya makazi ambayo ni kodi ya nyumba kama yako kwa bei ya soko, mara miezi 36. Kuna posho ya usafiri, gharama ya kusafirisha tani 12 ndani ya kilomita 20. Kuna posho ya usumbufu inayopigwa kwa asilimia ya riba ya amana za benki za miezi 12. Na kama bi mkubwa ana duka au genge la maana kuna kupotelewa na faida, nayo faida ya mwezi mara 36, ila hapo wanataka hesabu, sasa genge la mama zetu lina hesabu wapi, kwa hiyo wengi inawapita. Anzeni kuandika mauzo kwenye daftari leo, hata kwa mwandiko mbaya.

Ila kitu kilichotuumiza kuliko bei ni muda. Bei ilikuwa ndogo sawa, lakini siku ile ingekuwa imelipwa tungenunua kiwanja mahali tukajenga. Haikulipwa. Ukishathaminiwa unaambiwa usiendeleze chochote, ukijenga chumba hakitahesabiwa. Kwa hiyo bati likitoboka unaweka ndoo. Huwezi kuuza, nani anunue nyumba yenye namba ya mradi ukutani, benki hawataki kuisikia, mpangaji akiondoka mwingine haji. Mdogo wangu wa kiume alikuwa anataka kuoa amefyatua tofali zake, zimekaa pale mpaka zimeota nyasi. Na huku bei ya viwanja vya jirani inapanda kila mwaka kwa sababu ya huo huo mradi unaokuja, wewe bei yako imegandishwa siku ya kibao. Na usifikiri ni sisi tu. Wakazi wa Kipawa kule uwanja wa ndege Dar walithaminiwa 1997 wakalipwa zaidi ya miaka kumi baadaye, wa Kipunguni ndiyo kabisa, bungeni wameendelea kuongelewa miaka zaidi ya ishirini tangu uthamini.

Sheria sasa hivi imekaa vizuri kidogo kuliko zamani. Sheria ya Uthamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, ikipita hapo inaanza kula riba, na uthamini ukifika miaka miwili haujalipwa umekufa, unafanyika upya kwa bei mpya. Tatizo hakuna atakayekuja kukwambia. Sisi riba tuliidai kwa barua, si kwa mdomo, watu wa mtaa mzima tulisaini barua moja, nakala kwa mkuu wa wilaya na kwa Mthamini Mkuu wa Serikali, kila barua tunagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Afisa alikuwa anatukwepa mwanzoni lakini barua yenye muhuri aliijibu. Waliokuwa wanaenda mmoja mmoja na soda ya kumpoza hawakupata kitu. Na nikwambie ukweli, riba tuliyopata haikufikia kile kiwanja ambacho tungenunua mwanzoni.

Kuna mtu ameuliza hapo juu kuhusu X, zile alama zinazochorwa kwenye kuta za nyumba za kando ya barabara. Hiyo ni habari nyingine msichanganye. X za barabarani zina rangi, nyekundu maana yake uko ndani ya hifadhi ya barabara, lile eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, na hulipwi, ya kijani ni wale waliokutwa na Sheria ya Barabara ya 2007 ilipopanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, hao wanatakiwa kulipwa. Wale wa Kimara mpaka huku Kiluvya waliovunjiwa 2017 ilisemwa wako ndani ya hifadhi, ndiyo maana hawakulipwa. Wewe suala lako ni utwaaji, fidia ipo.

Mahakamani mnaweza kwenda kwa sababu ya kiwango cha fidia au kucheleweshwa, lakini mjue lazima mtoe notisi ya siku 90 kwa Serikali, na tangu marekebisho ya 2020 hata ukiishtaki halmashauri lazima Mwanasheria Mkuu aunganishwe na kesi iende Mahakama Kuu. Ni wakili, ni nauli, ni muda. Mkiwa wengi mkachangishana inawezekana, mtu mmoja mwenye eka tatu atauza ng'ombe wote.

Kwa hiyo mpokeeni wathamini, ila muwe nao macho. Makaburi yahesabiwe pia, yana utaratibu wake wa kuhamishwa na gharama zake, msione aibu kuyataja. Na jedwali la fidia likishatoka liweke hapa, ziba majina na namba za simu, nitakuangalizia. Anza wewe kwa kuangalia safu ya posho ya makazi kama imejazwa, kwetu ilikuwa sifuri kwa nyumba nyingi.