Mnaosema huku Ujerumani hakuna Mungu

Jamani wanajumuiya, nimeambiwa kila Jumamosi mnaniombea nirudi kabla sijapotea, eti Wazungu wamemwacha Mungu na maadili hawana. Asanteni kwa sala, ila hayo maneno yananichoma.

Wamisionari walioanzisha misheni ya Peramiho kule Ruvuma 1898 walitoka huku huku jimbo la Bavaria ninakohudumia wazee. Leo ukiingia misa ni mvi tupu, na padre mara nyingi ni Mhindi au Mwafrika. Tangu 2022 Wakatoliki na Waprotestanti ukiwajumlisha hawafiki nusu ya watu wa Ujerumani, hilo sibishi. Lakini ukienda manispaa kujiandikisha unaulizwa dini, ukisema Mkatoliki basi juu ya kodi ya mapato unakatwa asilimia 8 ya hiyo kodi inaenda kanisani, usipotaka ukajitoe kwa maandishi na komunyo usahau. Mimi nalipa. Inaniuma kila mwisho wa mwezi ila nalipa.

Na kuna hili hamlijui: mwaka 1995 sikukuu ya Waprotestanti ya Toba na Sala iliondolewa kwenye siku za mapumziko, isipokuwa jimbo la Saxony, watu wapige kazi ili kufidia waajiri mchango wa bima mpya ya kutunza wazee. Wamefuta siku ya sala wakapata hela ya kumuogesha mzee! Hapo Mungu kaachwa au kafuatwa? Kwa bima hiyo mzee asiye na mtu nambadilisha nepi, namgeuza usiku asitoke vidonda mgongoni. Kwetu bibi ana wajukuu kibao, wengine wanaimba kwaya, na hela ya dawa niliyotuma imeliwa.

Halafu juzi mama mmoja kanishika mkono usiku kucha anaita jina la mwanae, mwanae kapigiwa simu kasema atakuja wikiendi, mama kafa Alhamisi. Nilimsalia Salamu Maria kwa Kiswahili. Kwetu hafi mtu hivyo, hata kama dawa hakuna, na hilo bima hailipi.

Vijana mnaotaka kuja njooni, kazi ipo, ila Kijerumani mfike B2 kwanza, yaani ngazi ya nne kati ya sita. Kama una mama mgonjwa usije, baki naye. Na ukija dini yako usiifiche.

Mama mdogo, hela ya bibi kuanzia mwezi huu naituma moja kwa moja duka la dawa, msininunie.