Mchoro wa Dior ulivyonilipisha kitambaa cha mteja

Kuna dada mmoja alinitumia WhatsApp picha ya mchoro wa Christian Dior, yule mbunifu wa mavazi Mfaransa, ule mtindo wake wa 1947, kiuno cha nyigu halafu sketi inamwagika, akasema fundi nataka hii kwa ajili ya sendofu yangu. Nikamjibu simpo tu dada, lete kitambaa. Mdomo huu jamani!

Nikaikata satini moja kwa moja. Kilichotoka ni sketi imelala kama pazia limenyeshewa mvua. Kitambaa nikakilipa mimi.

Baada ya hapo ndo nikakaa kufuatilia, kumbe hata kwa Dior mwenyewe mchoro haukuwa maelekezo ya kushona. Alikuwa anachora vichoro vingi haraka haraka, hata akiwa kitandani, kisha mafundi wake pale Avenue Montaigne, Paris, chini ya mama mmoja anaitwa Marguerite Carré, ndo wanahangaika kuvigeuza vazi. Na hawaanzi na kitambaa cha maana, wanaanza na pamba ya bei rahisi, kwetu hiyo ni marikani.

Kwa hiyo ukiletewa mchoro usiangalie gauni, jiulize ndani kuna nini kinalishikilia. Chukua ile suti yake ya 1947 iliyoitwa Bar, kile kikoti cha hariri rangi ya krimu kinaonekana kimetuna kwenye nyonga, kutuna kule ni pedi za kujazia zilizowekwa ndani, na sketi nyeusi ya sufu ina marinda kibao, kwenye mchoro pedi huzioni hata ukikodoa macho. Tena wachoraji wa mitindo wanarefusha miguu, mteja wako hana miguu ile (hata mimi sina), ukifuata karatasi umeumia.

Siku hizi nashona marikani kwanza, namvalisha na viatu atakavyovaa siku yenyewe, nachora marekebisho juu yake kwa kalamu, nafumua, hiyo ndo pateni yangu ya kukatia kitambaa chenyewe. Na bei naitaja mapema maana sketi zile zinakula kitambaa balaa, mpaka 1947 kuna Wafaransa walimkasirikia Dior, vita imeisha juzi tu, nguo hazipatikani, yeye anamwaga mita na mita kwenye sketi moja.

Ile marikani usiitupe lakini. Mimi naikunja, naandika jina na vipimo, mteja akirudi ameongezeka kidogo naanzia hapo hapo.