Kabila la Wafoinike? Futa hilo neno

SWALI: Naandika tasnifu ya udaktari kuhusu asili za watu na mienendo yao kando ya Mediterania ya kale. Je, niandike "kabila la Wafoinike"? Na "uhamiaji" unatosha kwa kila safari?

JIBU: Uhamiaji tutaufikia. Kwanza hilo "kabila", maana linanikera kila nilisomapo. Limetoka Kiarabu, na hapo hapana ugomvi. Ugomvi ni uvivu: mwandishi akikuta watu wenye lugha moja huwabandika kabila, akadhani amekwisha kueleza. Msomaji naye hupata picha ya watu wa babu mmoja na mkuu mmoja. Wafoinike, wale mabaharia wa miji ya pwani ambayo leo ni hasa Lebanoni, hawakuwa hivyo. Mji wa Tiro ulikuwa na mfalme wake, Sidoni wake.

Tazama jiwe la kaburi lililopatikana Kerameikos, makaburini mwa Athene, lenye maandishi ya lugha mbili. Kwa Kigiriki marehemu ni Antipatros mwana wa Aphrodisios, wa Ashkeloni. Kwa Kifoinike ni Shem bin Abdashtart, Mwashkeloni. Jina la baba limefasiriwa: mtumishi wa Ashtarte, mungu wa kike wa Wafoinike, huku; mtu wa Aphrodite, mungu wa kike wa Wagiriki, kule. Aliyelisimamisha jiwe ni Domsalos, Msidoni. Foinike inatajwa katika beti za Kigiriki tu, tena kama nchi ambayo marehemu aliiacha. Mtu ana majina mawili, mji na nchi. Kabila utalichomeka wapi?

Tena litakukwamisha mbele. Mwaka 508/507 KK mwanasiasa Kleisthenes aliwagawa raia wa Athene katika mafungu kumi yaitwayo phyle, kwa kufuata mitaa waliyoandikishwa, na wafasiri wengi huziita nazo makabila. Sura moja itakuwa na makabila ya namna mbili, na hakuna hata moja lililo kabila. Phyle iache ilivyo, uieleze mara moja. Kwa kundi andika "jamii" au "watu wa". Jina la mji lipe m- na wa-: Msidoni, Watiro. Kiambishi hicho kinafanya kazi ileile aliyoifanya mchonga jiwe.

Sasa uhamiaji. Anayehama anaondoka, anayehamia ana mahali anapokwenda kukaa. Waathene walilijua hilo vizuri, kwa kuwa lilikuwa na kodi. Mgeni aliyekaa kupita muda uliowekwa aliandikishwa kuwa metoiko, yaani mgeni mkazi, akatafuta raia wa kumdhamini, akalipa drakma 12 kwa mwaka; mwanamke anayejitegemea alilipa 6. Huyo ni mhamiaji. Baharia aliyeshusha ngano Piraeus, bandari ya Athene, akatweka tanga hakuhamia popote, na ukimwita mhamiaji umemtoza kodi asiyodaiwa.

Kwa yote mawili andika "safari na uhamaji". Na "mienendo" iondoe kabla msimamizi wako hajaiona: mwenendo wa mtu ni tabia yake, na tasnifu yako haichunguzi kama Wafoinike walikuwa na adabu.