Panga linapita hewani: maswali ya wanaorudi Morrowind

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu gemu moja, The Elder Scrolls III: Morrowind, lililotolewa na Bethesda mwaka 2002. Waliolicheza wakiwa wanafunzi sasa wana kazi na watoto, na wanataka kulirudia. Tumechagua barua tano.

*Ndugu mhariri, salaam. Nimeanza Morrowind upya na siamini macho yangu. Nasimama mbele ya kaa mmoja wa matope, namchoma kwa kisu mara kumi, naona kabisa kisu kinaingia mwilini mwake, lakini hapungui kitu. Nimeshusha ugumu hadi mwisho wa mstari, bado. Gemu langu limeharibika? — Baba Aisha, Arua*

Gemu lako ni zima, Baba Aisha. Unachokiona kwenye skrini ni picha tu. Kupata au kukosa kunaamuliwa kwa hesabu, na mstari wa ugumu haugusi hesabu hiyo. Mstari huo unabadilisha ukubwa wa majeraha, basi.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua ujuzi wako wa silaha uliyoshika, ongeza Agility (wepesi) gawanya kwa 5, ongeza Luck (bahati) gawanya kwa 10. Jumla izidishe kwa namba inayotokana na mstari wa kijani, Fatigue, yaani pumzi zako: ukiwa umejaa ni 1.25, ukiwa mtupu ni 0.75. Kisha ukwepaji wa adui hutolewa hapo.

Tuchukue mhusika wa kabila la Redguard aliyeokota kile kisu cha chuma katika ofisi ya ushuru pale Seyda Neen, kijiji cha kuanzia. Kisu kinahesabiwa Short Blade (silaha fupi), na kama hukuichagua katika ujuzi wako mkuu au mdogo, huyo Redguard ana 10 tu. Agility 40 inampa 8, Luck 40 inampa 4, jumla 22. Akiwa na pumzi zote atapata 27.5 kwa mia, kabla ya kutoa ukwepaji wa adui. Akifika anahema, 16.5. Na karibu kila anayerudi hufika anahema, kwa sababu amezoea magemu ya siku hizi ambamo mhusika hukimbia kutwa nzima. Humu kukimbia kunamaliza pumzi.

Sasa mpange Redguard huyohuyo vizuri: Long Blade (silaha ndefu) katika ujuzi mkuu (30), utaalamu wa Combat, yaani mapigano (5), na nyongeza ya kabila lake (15). Anaanza na 50. Mpe upanga mrefu na pumzi kamili: 62 mara 1.25, yaani 77.5. Mtu yuleyule, kijiji kilekile, levo ya kwanza.

Kwa hiyo, anza upya ukichagua silaha moja na uishike hiyohiyo. Ukimwona adui kwa mbali, acha kukimbia, tembea. Mhusika mwenye Endurance (ustahimilivu) 60 hurudishiwa pumzi pointi 3.7 kwa sekunde. Kama mstari wake mzima ni 190, utajaa kutoka sifuri kwa sekunde 51 hivi. Kwenye mipangilio washa pia chaguo la kutumia shambulio bora daima, maana bila hilo aina ya pigo hufuata upande unaokanyaga, na kuchoma kwa silaha iliyotengenezwa kwa kukata ni kupoteza nguvu. Pumzi hizohizo zinaingia pia katika hesabu ya uchawi, kwa hiyo mchawi anayekimbia naye atalalamika.

Jambo moja la mbele zaidi, kwa sababu likikupita halirudi: kila unapopanda levo unaongezewa uhai sawa na Endurance gawanya kwa 10, na levo zilizopita hazirekebishwi. Ipandishe Endurance mapema. Ujuzi wa Heavy Armor na Medium Armor (mavazi mazito na ya wastani ya vita) na Spear (mkuki) ukipanda mara 10 kwa jumla kabla ya kulala, utapewa Endurance +5. Wapo wanaokokotoa +5 kwa kila kitu hadi gemu linageuka daftari la duka, hilo hatulishauri. Endurance peke yake inatosha.

*Mhariri, nina laptopu ya zamani ya i3 isiyo na kadi ya picha ya pembeni, na haina tundu la CD. CD zangu za Morrowind bado ninazo. Naweza kucheza? Na umeme wa hapa kwetu mnaujua. — Msomaji, Gulu*

Unaweza bila shida. Pitia OpenMW, injini mpya ya bure iliyoandikwa na watu wa kujitolea. Injini hiyo haina gemu ndani yake. Inasoma mafaili ya nakala yako halali.

Tafuta kompyuta yoyote yenye tundu la CD, sakinisha Morrowind humo kama kawaida, kisha nakili folda nzima ya Morrowind kwenye flashi. Nzima, ndugu. Wengi hunakili folda ya Data Files peke yake, wakaacha faili la Morrowind.ini lililo nje yake, na hapo ndipo OpenMW inapokosa rangi za hali ya hewa na maandishi. CD ikigoma kusomeka, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Ukifuta kwa kuzungusha, mchubuko utafuata njia ya data na kifaa kitashindwa kuurekebisha.

Kwenye laptopu yako, weka folda hiyo nje ya Program Files. Sakinisha OpenMW, na ikikuuliza gemu liko wapi, ionyeshe faili la Morrowind.esm ndani ya Data Files. Kubali iingize mipangilio ya Morrowind.ini. Katika orodha ya mafaili weka alama kwenye Morrowind.esm, na zile za nyongeza ukitaka (soma kwanza jibu la Mbarara hapo chini).

Kwa kadi ya picha ya ndani ya i3, zima vivuli, zima maji yanayoakisi, zima mandhari ya mbali. Umbali wa kuona uache ulivyo. Ukiuongeza ndipo mji kama Balmora utakapoanza kukwama. Weka pia kikomo cha fremu 30 au 60 kwa sekunde. Bila kikomo laptopu itachora fremu nyingi usizozihitaji, ipate moto na kula betri, na betri ndiyo inayokuokoa umeme ukienda.

Kuhusu umeme: F5 inahifadhi haraka, F9 inarudisha. Lakini usitegemee F5 peke yake, kwa sababu kwa kawaida inaandika juu ya faili lilelile, na mashine ikizimika katikati ya kuandika umebaki na faili bovu bila la akiba. Katika mipangilio ya OpenMW ongeza idadi ya hifadhi za haraka kutoka 1 hadi 5. Na kila unapoingia mji mpya, hifadhi kwa kupitia menyu, kwa jina jipya.

*Mimi nilicheza toleo la mwanzo. Sasa nimenunua lile lenye nyongeza zote. Usiku wa kwanza nimelala, nikaamshwa na muuaji aliyevaa nyeusi, nikafa. Hili halikuwepo! — Msomaji, Mbarara*

Kweli halikuwepo. Anatoka katika Tribunal, nyongeza ya mwaka huohuo wa 2002, ambayo huanza kuwatuma wauaji wa Dark Brotherhood ukilala hata ukiwa levo ya 1. Ni uamuzi mbaya wa waliotengeneza, hatuwezi kuutetea.

Dawa rahisi: kabla ya kuanza mhusika mpya, toa alama kwenye Tribunal.esm. Ukikomaa, irudishe, na hifadhi yako itaendelea. Usifanye kinyume, yaani kuitoa katikati ya safari baada ya kuitumia, kwani hifadhi itakuwa inatafuta vitu visivyokuwepo tena.

Ukitaka kupigana naye, basi akifa mvue kila kitu. Mavazi yake ni ya Light Armor (mavazi mepesi ya vita) na ni mazuri kupita chochote utakachokipata wiki hizo za mwanzo. Usiyoyataka mpelekee mnunuzi aitwaye Creeper, katika jumba la Ghorak mjini Caldera: ana dhahabu 5,000 na hununua kwa thamani kamili.

*Ndugu mhariri, ramani haina mshale! Nimeambiwa nikalete kisanduku kutoka Arkngthand, nimezunguka jioni nzima. Na nitasafirije haraka? — Dada wa Jinja*

Mshale haupo, dada, na hautakuja. Maelekezo yamo katika maneno ya watu na katika shajara, na yanafaa kusomwa polepole. Kwa Arkngthand: toka Balmora kwa kusini, fuata njia ya mashariki ipitayo ngome ya Moonmoth, vuka daraja la kale la Dwemer, kabila lililotoweka, lililo juu ya bonde la majivu. Magofu yako ng'ambo. Mlango haufunguki kwa kuugusa. Tafuta bomba lililo karibu na uzungushe mpini wake. Ndani, kisanduku chenyewe ni mchemraba mdogo uliokaa kwenye rafu, na wengi hupita mbele yake wakitafuta kitu kikubwa.

Usafiri upo, ila kila kituo kina njia zake, kama vile abiria wa Masaka asivyosubiri kwenye gari la Mbale. Silt strider, yule mdudu mrefu wa Seyda Neen, anakwenda Balmora, Gnisis, Suran na Vivec. Chama cha wachawi husafirisha watu papo hapo kati ya Balmora, Ald'ruhn, Caldera, Sadrith Mora na Vivec.  Halafu nunua ndumba za uchawi Mark na Recall: ya kwanza inaweka alama ulipo, ya pili inakurudisha hapo kutoka popote.

*Nimekuta faili zangu za hifadhi za zamani, zinaishia na .ess. OpenMW itazifungua? — Msomaji, Kampala*

Usizitegemee huko. OpenMW hutumia mafaili yake yenyewe, .omwsave, na kuhamisha ya zamani huacha mambo mengi njiani. Zirudishe kwenye folda ya Saves iliyo ndani ya folda ya gemu na uzifungue kwa Morrowind ya asili. Kama zamani ulikuwa na nyongeza zilizotengenezwa na wachezaji wengine, gemu litakutajia mafaili yanayokosekana; yatafute kwanza kabla ya kubonyeza kuendelea, na ufanye kazi kwenye nakala ya .ess, si kwenye faili lenyewe.