Maswali ya wasomaji: modeli kubwa za ndege, kuanzia mshono hadi rangi ya bati

Barua tulizochagua safari hii zinatoka kwa wajenzi waliozoea ndege za 1/72 (modeli iliyo ndogo mara 72 kuliko ndege halisi) na sasa wamefungua boksi lao la kwanza la 1/32. Ukihama hivyo, urefu unazidi mara 2.25, eneo la kupaka rangi mara 5, na ujazo mara 11 na ushei. Weka hesabu hiyo kichwani, kwa sababu matatizo mengi yaliyomo humu yanazaliwa hapo.

Nilifunga mwili wa Spitfire ya 1/32, nikaziba mshono kwa filla (dawa ya kuziba mapengo), nikasugua mpaka kidole hakisikii kitu. Wiki tatu baada ya kupuliza rangi, kistari chembamba kimejitokeza mgongoni, kuanzia nyuma ya rubani hadi mkiani. Nilikosea wapi?

Kusugua umesugua vizuri, ila uliwahi. Gundi ya modeli inayeyusha plastiki ya pande zote mbili, zinaingiliana, kisha kiyeyushi kinatoka polepole na plastiki inakuwa kitu kimoja. Kabla hakijatoka chote, sehemu ya kiungo inakuwa laini na imevimba kidogo. Ukiisawazisha ikiwa imevimba, ikinywea baadaye inabaki na mfereji. Filla za tyubu zina tabia hiyohiyo, kwa kuwa nazo zina thina ndani. Kwenye 1/32 plastiki ni nene na uso wa kugundisha ni mpana, kwa hiyo kiyeyushi kinakawia kuliko ulivyozoea.

Gundi nyepesi ya majimaji ipe saa 24 angalau. Kama uliminya kiungo mpaka plastiki laini ikafurika nje, au ulitumia gundi nzito, subiri siku tatu, na wiki ni bora. Kuna kipimo rahisi kisichodanganya: sogeza pua kwenye tundu la injini au la gurudumu la mkia na unuse. Harufu ya gundi ikiwa bado imo ndani, weka msasa chini.

Kwa ndege ijayo, usigundishe mwili wote kwa mkupuo. Kwanza funga vipande vikiwa vikavu, uone vinapogoma. Mara nyingi chumba cha rubani au ukuta wa kuzuia moto wa injini umepanuka milimita moja na ndio unaosukuma mbavu nje. Ukisharekebisha, anza mkiani kwa sentimita 5 au 6. Pitisha brashi ya gundi nyepesi juu ya ufa, inyonywe yenyewe, subiri sekunde kama kumi, halafu minya. Utaona uzi mwembamba wa plastiki iliyoyeyuka ukitokeza juu. Usiufute. Huo ndio filla yako, na ni plastiki ileile ya ndege. Endelea na sentimita nyingine 5. Palipobaki pengo la kweli, ingiza kipande cha shiti ya plastiki ya milimita 0.25 na ukigundishe, badala ya kurundika filla.

Baada ya siku zake, kwangua uzi huo kwa kisu kilichosimama wima, kisha msasa namba 400, 600 na 1000. Mgongo wa Spitfire ni wa mviringo, hivyo tumia msasa wa sponji. Kijiti kigumu kitakuachia ubapa ambao rangi haiwezi kuuficha.

Hiyo uliyonayo inaokoka. Sugua upana wa sentimita moja kila upande wa mstari mpaka uione plastiki, kisha paka supaglu nyeusi kidogo kwenye mfereji. Supaglu haina kiyeyushi cha kutoka, kwa hiyo hainywei. Ila isugue ndani ya saa moja au mbili tangu ikauke. Ukiiacha hadi kesho itakuwa ngumu kuliko plastiki, na msasa utakula pembeni ukaacha kilima katikati. Puliza praima ya kijivu, zima taa ya chumba, ulaze tochi sambamba na mgongo. Kinachoonekana chini ya mwanga huo kitaonekana pia chini ya rangi.

Najenga B-25 Mitchell ya 1/32. Maelekezo yanasema niweke uzito puani isije ikakalia mkia, lakini nauona mwili wake ulivyo mkubwa na nahofia miguu. Niweke kiasi gani, na nitauficha wapi?

Usitegemee namba ya mtu mwingine, hata iliyochapishwa kwenye maelekezo, kwa sababu ukiongeza injini za rezini au bunduki za shaba mizani inabadilika. Pima mwenyewe. Shikiza kwa masking tepu kila kipande kikubwa: mwili, mabawa, mkia wote wenye mapezi mawili, injini na magurudumu. Chukua kijiti cha mviringo kama penseli, ukilaze chini ya mabawa pale hasa ambapo ekseli ya magurudumu makuu itakuwa. Ndege itaangukia mkia. Ning'iniza kimfuko kidogo mahali utakapoweka uzito na ujaze goroli au nati moja moja mpaka pua ishuke. Pima kimfuko kwenye mizani ya jikoni, halafu ongeza robo ya uzito huo. Robo hiyo ni ya rangi, vioo vya nyuma na vidude ambavyo hukuvifunga wakati wa kupima.

Mahali pa kuweka ni muhimu kuliko kiasi. Gramu 50 zilizo sentimita 20 mbele ya ekseli zinafanya kazi ya gramu 100 zilizo sentimita 10. Kila gramu unayookoa ni gramu ambayo miguu haitaibeba, kwa hiyo sogea mbele uwezavyo.

Hapo ndipo B-25J yenye pua ya kioo inaposumbua: pua iko wazi, huna pa kuficha. Tumia nafasi iliyo chini ya sakafu ya marubani, pembeni mwa shimo la gurudumu la mbele, na mbele kabisa ndani ya vifuniko vya injini, nyuma ya silinda, kwa kuwa injini ziko mbele ya ekseli. Ukiwa na B-25H ya mzinga wa milimita 75, au J ya pua ngumu yenye bunduki nane, shida yote hiyo huna. Ijaze pua na uendelee na mengine.

Madini ya risasi yana ujazo mdogo kwa uzito wake, gramu 11.3 kwa kila sentimita ya ujazo, wakati chuma ni 7.8. Ukitumia risasi ishike kwa glavu, nawa mikono, na usiisugue kwa msasa. Igandishe kwa epoksi. Kamwe usitumie gundi nyeupe ya mbao kwa vipunje vya risasi. Mvuke wa asidi unaotoka kwenye gundi hiyo unaigeuza risasi kuwa unga mweupe unaovimba, na miaka michache baadaye mwili unapasuka kwenye mshono uliokuchosha kuusugua. Supaglu nayo inaachia ukiigonga meza kwa bahati mbaya, halafu goroli zinaanza kucheza ndani kama kayamba.

Kuhusu miguu, wengi hukimbilia ya chuma bila kuuliza ni chuma gani. Ya madini meupe laini, yale unayoweza kuyakunja kwa vidole, hupinda taratibu chini ya ndege nzito, na pengine ya plastiki ingesimama vizuri kuliko hiyo. Inayofaa ni ya shaba nyeupe au njano, au ya plastiki iliyotobolewa kwa urefu na kuingizwa waya wa chuma wa milimita 0.8. Igundishe kwa epoksi, uhakikishe magurudumu yote matatu yanagusa kioo bapa kabla haijaganda.

Kifuniko cha kioo cha chumba cha rubani cha P-51D Mustang kimeingia ukungu mweupe baada ya kukibandika kwa supaglu. Pia kina mstari katikati. Ninunue kingine?

Usinunue bado. Ukungu ni mvuke wa supaglu ulioganda juu ya kioo. Kibandue kwa uangalifu. Kama ukungu ni mwepesi, kichovye kwenye polishi ya sakafu ya akriliki isiyo na rangi, gusisha ukingo kwenye tishu ili polishi iliyozidi inyonywe, kisha kifunike kwa bakuli usiku kucha vumbi lisitue. Mara nyingi hilo peke yake linatosha.

Ule mstari si kasoro ya kiwanda. Kifuniko cha P-51D kimebonyea ndani kwenye kingo zake za chini, hivyo hakiwezi kutoka kwenye kalibu ya vipande viwili. Kinahitaji cha tatu, na vinapokutana mstari unabaki. Ukwangue kwa ncha ya kisu kipya mpaka usihisi ukucha ukikwama, kisha msasa wa maji namba 2000, 4000, 8000 na 12000, ukibadili mwelekeo kila unapobadili namba. Malizia kwa dawa laini ya kung'arisha, ndipo uchovye. Katikati ya kazi kioo kitaonekana kama kimeharibika kabisa, usiache njiani.

Kukibandika, tumia gundi nyeupe au epoksi.

Hiyohiyo P-51D nataka ionekane ya bati tupu, lisilopakwa rangi. Nimepuliza rangi ya fedha mara mbili, na mara zote inaonekana kama imemwagiwa mchanga. Nilipobandua masking tepu, nusu ya bawa ilitoka nayo.

Hayo ni magonjwa mawili. Mchanga unatokana na rangi kukauka hewani kabla haijafika, kwa sababu umesimama mbali au presha iko juu. Lakka za metali kama Alclad II hazihitaji kuongezwa thina. Zipulizwe kwa presha ya paundi 12 hadi 15 kwa inchi ya mraba, ncha ya brashi ya hewa ikiwa sentimita 5 hadi 8 kutoka kwenye bawa, kwa pasi nyepesi tatu au nne. Chini yake kuwe na nyeusi inayong'aa mpaka unaiona taa ndani yake. Vipunje vyovyote kwenye hiyo nyeusi vitaonekana mara mbili kwenye fedha. Kama nyeusi yako ni ya enameli, iache siku kadhaa. Ikiwa bado mbichi, lakka itaichanachana kama tope lililokauka.

Rangi kutoka na tepu ni suala la mafuta. Plastiki inatoka kiwandani ikiwa na mafuta ya kalibu, na wewe umeongeza ya vidole kwa miezi miwili. Osha vipande kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo vikiwa bado kwenye fremu. Kabla ya praima, futa ndege kwa spiriti. Punguza ukali wa tepu kwa kuibandika na kuibandua mkononi mara mbili, na unapoitoa ikunje irudi juu yake yenyewe, polepole, badala ya kuivuta kwenda juu. Juu ya metali usiiache ikalala.

Sasa, kabla hujapuliza tena, angalia mabawa. P-51 ilitoka kiwandani mabawa yake yakiwa yamezibwa mishono na ribiti kwa filla, yakasuguliwa na kupakwa rangi ya fedha, ili hewa ipite bila kuvurugika juu ya bawa. Mwili ndio uliokuwa bati tupu. Usukani wa mkia nao ulikuwa wa kitambaa kilichopakwa rangi. Kwa hiyo bawa lenye ribiti mamia, linalong'aa kama kioo, linapendeza lakini si la P-51. Ziba ribiti kwa pasi tatu nne za praima nzito, sugua kwa namba 800, na uache wazi milango ya bunduki na risasi, mifuniko ya mafuta, flapu na eleroni (sehemu zinazocheza nyuma ya bawa). Kisha puliza bawa kwa fedha iliyopoa mng'ao, isiyo na nyeusi chini, na mwili kwa alumini inayong'aa. Tofauti hiyo ya rangi mbili itaonekana hata kutoka upande wa pili wa chumba.

Dekali zangu kubwa za bawani (alama za kubandika kwa maji) zinaonyesha weupe wa fedha pembezoni. Zimeshakauka. Kuna dawa?

Ipo. Weupe huo ni hewa iliyonaswa kati ya filamu na rangi yenye mikwaruzo midogo. Toboa sehemu nyeupe kwa sindano nyembamba, matobo mengi, kisha paka dawa ya kulainisha dekali kama Micro Sol na uondoke. Filamu itajikunjakunja na utatamani kuigusa. Ukiigusa itachanika. Baada ya saa chache itakuwa imelala, na palipobaki rudia, hata mara tatu.

Safari ijayo, weka vanishi ya kung'aa kwanza kama rangi yako haing'ai. Juu ya lakka ya metali huihitaji, na vanishi itaipoozea mng'ao. Dekali ya upana wa bawa la 1/32 iloweke nusu dakika, itoe, iache juu ya karatasi yake mpaka iteleze yenyewe, na uso wa bawa uwe umelowa maji ili uweze kuisogeza. Toa maji kwa pamba yenye unyevu, ukianzia katikati kwenda kingo. Dawa kali ijaribu kwanza tumboni mwa ndege, maana baadhi ya rangi za akriliki haziivumilii.